Barua ya wazi kwa mdogo wangu aliyeacha mazoezi ya kuimba

Mdogo wangu mpendwa,

Tangu tulipotazama pamoja filamu ya Olivier Dahan ya mwaka 2007 kuhusu maisha ya Édith Piaf, mwimbaji wa Ufaransa, neno lako moja halijanitoka akilini: ulisema kwamba asingeteseka vile, asingeimba vile. Nimelitafakari kwa siku kadhaa, na bado nalikataa.

Mateso yenyewe siyapingi. Mtoto aliyezaliwa Paris mwaka 1915, akalelewa kwa muda katika danguro lililosimamiwa na bibi yake huko Normandy, akaugua macho hata asione, kisha akaingia barabarani kuimba pamoja na baba yake mwanasarakasi, hakuhitaji kuongezewa chumvi na mwandishi yeyote. Mwaka 1935 alimzika bintiye mdogo. Mwaka uliofuata Louis Leplée, mwenye kilabu aliyemtoa mtaani na kumbandika jina Piaf, yaani shomoro, aliuawa, na Piaf akahojiwa na polisi.

Lakini unakumbuka kwamba ulitoka kupokea simu? Ulikosa sehemu ambayo Raymond Asso, mtunzi wa nyimbo, anamkaripia Piaf kwa kumeza maneno, anamrudisha kwenye mstari uleule hadi kila silabi isikike, na kumfundisha kuitumia mikono yake jukwaani. Kwangu, hicho ndicho kiini cha filamu nzima, ingawa mwongozaji mwenyewe hakukipa nafasi kubwa: anaruka kutoka utotoni hadi siku za mwisho na kurudi tena, msiba ukifuatwa na wimbo, mpaka mtazamaji adhani kwamba msiba ndio uliotunga. Miaka ya Vita vya Pili vya Dunia, ambamo Piaf aliendelea kuimba Paris ikiwa mikononi mwa Wajerumani, karibu ameiacha yote.

Mpenzi wake, bondia Marcel Cerdan, alipokufa katika ajali ya ndege Oktoba 1949, Piaf alipanda jukwaani New York usiku uleule. Huzuni haimshikilii mtu pumzi wala haimkumbushi maneno ya wimbo. Kilichomsimamisha pale ni kazi aliyoizoea. Huzuni, pamoja na ajali za gari, ilimpa pombe na mofini, na ule mwili uliopinda ambao Marion Cotillard, anayemwigiza Piaf katika filamu, anauonyesha kwa ustadi unaotisha. Alifariki akiwa na miaka 47.

Nimesikia kwamba huendi tena mazoezini kwa kuwa unasubiri kwanza maisha yakuumize. Filamu bado ninayo. Njoo Jumamosi tuitazame ile sehemu ya Asso, na simu uiache nyumbani.

Kaka yako