Muulize aliyeugusa mstari

Mji wa Kale, Mombasa

Sahibu yangu,

Assalaam alaikum. Barua yako imenifikia. Mimi mzima, ila joto la kaskazi halitupi usingizi.

Umeniuliza vijana wako wa Lamu wanaotaka kuchangia programu huria, zile ambazo msimbo wake u wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha, waanzie wapi. Yakhe, ungeuliza waanzie kwa nani.

Mpwa wangu yuko hapa barazani wiki ya pili, kompyuta mapajani, kahawa yapoa. Kuna programu ya ramani inayoandika tarehe kinyume, mwezi watangulia siku. Alirekebisha, mistari sita tu ya msimbo, akaipeleka kwenye mradi. Siku kumi na moja, kimya. "Mjomba, watu hawa wana kiburi." Nikamuuliza alimpelekea nani. Kumbe hakumpelekea mtu! Kaibwaga tu, kama mzigo ulioshushwa gatini bila jina la mwenyewe.

Tukaamrisha git blame kwenye faili alilolirekebisha; git ndicho chombo kinachotunza historia ya msimbo. Amri hiyo huweka kando ya kila mstari jina la aliyeugusa mwisho, na tarehe. Jina likawa moja toka juu hadi chini. Kijana akachangamka, bingwa kapatikana, akaanza kumwandikia. Nikamzuia. Bwana yule alikuwa amepanga nafasi tupu za kwenye mistari tu, hesabu ya tarehe hakuigusa. Tukarudia kwa kuongeza -w, ili mabadiliko ya nafasi yasihesabiwe, na hapo likaibuka jina jingine kabisa. Kisha git log, inayoorodhesha mabadiliko na waliyoyafanya, tujue kama mwenyewe bado yupo au alishaondoka zake. Mwezi uliopita alikuwa kazini. Basi ndiye.

Hapo tukabishana. Yeye alitaka kumwandikia faraghani, maana aliona haya watu wasije wakamcheka. Mimi nikasema andika palepale kwenye ripoti ya hitilafu, umtaje kwa jina: faili nimelisoma, nimejaribu hivi, nimekwama hapa. Mwenyewe akiwa safarini, mwingine atajibu, na atakayekwama mwakani atalikuta jibu. Alinuna kidogo, lakini aliandika. Sentensi nne. Kabla ya isha alikuwa ameshajibiwa, tena kwa upole.

Miradi mikubwa imejipanga zaidi. Linux, kiini cha mfumo endeshi kilichoanza 1991, ina faili liitwalo MAINTAINERS, lenye kila sehemu na walezi wake, na skripti, yaani programu ndogo, ya get_maintainer.pl: ukiipa kiraka chako, ndiyo marekebisho uliyoyafanya, inakutajia wa kumpelekea. Nilipendalo humo ni kwamba sehemu isiyo na mlezi huandikwa Orphan, yatima, bila kuona aibu. LibreOffice, wa programu za kazi za ofisini, nao wana orodha ya wajuzi, sehemu kwa sehemu. Kwenye GitHub, tovuti inayohifadhi miradi ya msimbo, mradi ukiweka faili la CODEOWNERS, wenye sehemu iliyoguswa huombwa ukaguzi na mfumo wenyewe, mgeni hana haja ya kubahatisha.

Lakini orodha zisikutie usingizi. Mtu ahama kazi, azaa, achoka, na jina lake labaki pale miaka. Ndiyo maana mimi husoma orodha kwanza, kisha nikaitafuta historia ya faili inithibitishie. Wengine waniona mbishi, na waone.

Jambo moja nakuomba wewe uliye mwalimu wao. Usiwajibie maswali. Najua utashawishika, kwani majibu mengi wewe wayajua. Kaa na kila mmoja kwa swali lake la kwanza tu, umwone akilituma kwa mtu asiyemjua, maana hapo ndipo mikono hutetemeka. La pili atalituma mwenyewe.

Ukishuka nao Mombasa, kila mmoja aje na hitilafu iliyomkwamisha na jina la mtu anayedhani ndiye wa kuulizwa. Tutayapima majina hayo hapa barazani. Kahawa juu yangu, mahamri waje nayo wao.

Wako,
Mjomba wa barazani