Msizifute namba za zamani kwenye zana za mawe za Aktiki

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nizungumzie jambo linalosahaulika kila unapozuka mjadala kuhusu mali za makumbusho za Ulaya na Amerika Kaskazini. Tunabishana nani arudishiwe nini, ilhali maghalani zimejaa zana za mawe za Aktiki, yaani eneo la kaskazini kabisa mwa dunia, ambazo hakuna ajuaye ziliokotwa wapi.

Nimewahi kufanya kazi katika ghala la namna hiyo. Katika droo moja nilikuta kisu cha sleti chenye umbo la nusu mwezi, kile ambacho Wainuit, wenyeji wa Aktiki, hukiita ulu na ambacho ni kisu cha wanawake. Karibu na tundu lake palikuwa na namba ya wino mweusi iliyoandikwa juu ya doa la rangi nyeupe, nusu yake imefutika. Kadi yake ilisema "Aktiki" tu, yaani popote kuanzia Alaska hadi Greenland. Namba za vipande vingine vya droo ile zilikuwa zimekwisha kusuguliwa ili vipendeze kwenye picha. Iliniuma sana, na inaniuma hadi leo.

Wapo wanaosema kwamba maabara itatatua yote. Ni kweli kwamba jiwe lina asili yake: gumegume la Ramah, la kijivu na lenye kupitisha mwanga kidogo, hutoka kaskazini mwa Labrador, Kanada, na obsidiani (kioo cha volkano) ya Batza Téna huko Alaska hutambulika kwa uwiano wa elementi zake chini ya eksirei. Lakini watu walisafiri na kubadilishana mawe. Gumegume hilo la Ramah limepatikana hadi Maine, Marekani. Kwa hiyo maabara itakutajia machimbo, wala haitakutajia kambi ambayo zana ilitumiwa na kuachwa. Hilo linajulikana kwa namba, daftari la kupokelea vitu, barua za mkusanyaji na wazee wa mahali penyewe.

Wala zana zilizochanganyika si takataka. Mwaka 1925 mwanaanthropolojia Diamond Jenness, akichambua huko Ottawa mkusanyiko uliotoka Cape Dorset, ambayo sasa ni Kinngait, kaskazini mwa Kanada, aliona kwamba baadhi ya vitu vilikuwa na matundu yaliyochokolewa badala ya kupekechwa kwa keekee. Kutokana na uchunguzi huo alitambua utamaduni uliowatangulia mababu wa Wainuit wa leo, unaoitwa Dorset. Angekuta vitu hivyo havina hata jina la Cape Dorset, utamaduni huo angeupa makao gani?

Denmark na Greenland zimeonyesha kwamba kazi hii inawezekana. Kati ya mwaka 1982 na 2001 vitu vipatavyo 35,000 vilirudishwa Nuuk, mji mkuu wa Greenland, na kabla ya kugawana ilibidi wataalamu wa pande zote mbili wakae pamoja na kuchambua makusanyo.

Ninachoomba si kikubwa. Lebo ya zamani, hata yenye kosa, iachwe ilipo na masahihisho yaandikwe pembeni pamoja na tarehe. Namba iliyofifia ipigwe picha kwa taa ya ubavuni kabla kitambaa hakijaigusa. Na nakala za madaftari zipelekwe Nuuk na Iqaluit, mji mkuu wa jimbo la Nunavut nchini Kanada, bila kusubiri zana zenyewe zirudi, kwa sababu huko wapo watu wanaoyajua majina ya ghuba na kambi ambayo wakusanyaji waliyaandika walivyoyasikia.

Wako,
Aliyekuwa mtunza ghala la makumbusho