Kabla ya kumlaumu polisi mlevi

Kwa Mhariri,

Kila afisa wa polisi anapompiga mwenzake risasi au kujitoa uhai, habari hufuata mkondo uleule: majirani wanasema alikuwa mlevi, wakubwa wanasema uchunguzi umeanza, basi. Mimi nilivaa magwanda miaka mingi, sehemu kubwa kaskazini mwa Kenya, na naomba nafasi niseme yanayoutangulia ulevi huo: kiwewe, yaani hofu ya tukio la damu inayobaki akilini hata baada ya tukio kupita.

Novemba 2012 wenzetu zaidi ya 40 waliuawa bonde la Suguta, karibu na Baragoi. Aprili 2, 2015 watu 148 wakauawa Chuo Kikuu cha Garissa. Tunawakumbuka marehemu, na ni haki yao. Lakini wapo waliookota miili ile, kisha wakarudi kwenye zamu.

Mmoja niliyekaa naye kambini alikuwa halali bila viatu. Hotelini haketi mpaka apate kiti cha ukutani, auone mlango. Fataki za mwaka mpya zikilia, yuko chini ya meza, na vijana wanacheka. Pombe aliianza ili apate usingizi tu. Ilikuwa robo, ikawa mzinga. (Kanteeni yetu ilikuwa hatua chache kutoka ghala la silaha, na sikuwahi kusikia afande yeyote akiliona hilo kuwa tatizo.) Alichopata ni mashtaka ya nidhamu, moja baada ya jingine.

Madaktari wa Marekani waliuingiza ugonjwa huu wa kiwewe katika orodha yao rasmi mwaka 1980, baada ya kuwaona askari waliotoka Vietnam, wengi wao wakiwa walevi au watumiaji wa dawa za kulevya. Pombe humlaza mtu haraka, kisha huuvuruga usingizi wenyewe. Ikianza kuisha mwilini usiku wa manane, anashtuka, na jinamizi linarudi kali kuliko jana. Kesho anaongeza kipimo.

Familia ikichoka, humpeleka kituo cha kurekebisha tabia. Anatoka baada ya miezi michache, pombe imemtoka, ndoto ziko palepale, na sasa hana cha kuzizima. Akirudia chupa tunasema hana msimamo. Wapo washauri wanaosisitiza aache pombe kwanza ndipo kiwewe kiguswe, ilhali tafiti zimeonyesha viwili hivyo vinaweza kutibiwa kwa pamoja. Na jamaa wasimlazimishe mnywaji wa miaka mingi kuacha ghafla nyumbani. Mwili uliozoea pombe unaweza kuanguka kifafa, hata kufa. Aachishwe chini ya uangalizi wa daktari.

Ninachoomba Idara ya Polisi si kikubwa. Baada ya tukio la damu, kikosi kizima kionane na mshauri, kamanda akiwa wa kwanza, ili konstebo asionekane mwoga kwa kwenda peke yake. Anayejitokeza mwenyewe kuomba msaada, silaha yake ihifadhiwe kwa muda bila kumpotezea cheo. Na mshauri asiwe mtu wa kumpelekea mkuu wa kituo (OCS) faili. Hakuna askari atakayemfungulia moyo mtu ambaye saa nne atamwona akinywa chai na OCS.

Sajini mstaafu,
Nakuru