Mkonge kukosa mbegu, ardhi msiisingizie

Mhariri, asalaam aleikum. Mie msomaji wenu wa huku Micheweni. Juzi mmetoa barua ya bwana mmoja analalamika mkonge wake wa uani umetoa mlingoti mrefu, umechanua, halafu mbegu hakuna, ati ardhi yetu ya mawe imechoka. Jamani, ardhi haina kosa.

Tatizo limo kwenye seli zake. Ukoo wa mkonge kwao ni Mexico na jirani zake, na seti moja ya kromosomu zao, yaani vile viuzi vya ndani ya seli vinavyobeba urithi, ni 30, kubwa 5 na ndogo 25, ukizitazama kwenye hadubini utadhani mafiga yamemwagiwa kokoto. Ya porini kule mingi ina seti 2, yaani 60, lakini haifanani yote, ndugu yake mmoja aitwaye Agave angustifolia peke yake kuna yenye 60, kuna ya 120 mpaka 180, na kila seti ikizidi na DNA, kemikali ya urithi iliyomo humo, inazidi. Sasa huu wetu wa katani una seti 5, jumla 150, DNA karibu mara mbili na nusu ya ule wa 60! Ua likitaka kutengeneza chavua kromosomu lazima zipatane mbili mbili, sasa fikiria watu watano barazani wanataka kucheza karata wawili wawili, wa tano anakaa na nani? Ndo hapo mambo yanapoharibika, hata popo wote wa Kidike wakija kunywa asali ya ua hilo mbegu ni bahati sana. Migomba ya mzuzu nayo hivohivo, ina seti 3, ndo maana tunakula ndizi bila kutema kokwa.

Bara waliliona hili zamani. Mashamba yao yalianza na miche 62 tu ya Mjerumani Hindorf iliyofika hai mwaka 1893, ikawa ni nakala za nakala, ugonjwa ukiuweza mmoja umeiweza yote. Wataalamu wa kituo cha utafiti wa mkonge cha Mlingano, Tanga, walipotaka mkonge mpya ikabidi wageukie ndugu zake wenye 60, amaniensis na angustifolia, ikatoka ile chotara iliyopewa namba 11648.

Huyo bwana asiukate mlingoti wake. Maua yakishadondoka angoje, patatoka vitoto vya kijani palepale juu, vina majani matatu manne, vikianguka akavifukie kwenye mawe hayohayo anayoyatukana, ila avae glavu maana maji yake yanawasha.

Msomaji wenu, Pemba