Siku ya kufunga nyasi iamuliwe na nyasi zenyewe

Mhariri,

Mvua za vuli zikikatika, nyasi za Ganda na Jilore huwa zimejaa tele, lakini kaskazi ikishika ng'ombe hubaki kutafuna vijiti. Ni jambo jema kwamba wafugaji wengi wa Malindi sasa wanafunga nyasi kavu kuwa marobota. Kinachotuuma ni marobota kuoza bandani kwa sababu marafiki wa kusaidia kazi waliitwa waje Jumapili, wakaja Jumapili, zikafungwa nyasi ambazo mabua yake bado yana maji.

Hesabu ianzie nyuma. Wasaidizi wakiwa wa Jumapili, kateni Alhamisi umande ukishakauka, masuke yakiwa yametoka kama nusu. Mkingoja mbegu zikomae mtavuna mabua matupu. Anikeni safu nyembamba, geuzeni mara mbili kwa siku, na jioni mkusanye mafungu, maana usiku wa pwani hurudisha unyevu wote.

Kabla ya kufunga, sokoteni konzi ya nyasi: bua likipinda bila kuvunjika, bado. Kipimo cha chumvi ni bora zaidi. Katakata nyasi, jaza nusu ya chupa kavu yenye mdomo mpana, tia vijiko viwili vya chai vya chumvi, tikisa dakika mbili. Chumvi ikishikamana, unyevu umepita asilimia 15 na kazi iahirishwe, hata kama pilau iko jikoni. Chumvi yenyewe ikaangwe kwanza, kwani hewa yetu huilowesha ikiwa koponi.

Sanduku la kufungia marobota ni la mbao, halina chini wala juu: urefu sentimita 85, upana 55, kina 45. Tandazeni kamba mbili za katani za mita 3 kwa urefu wake, ncha zishikwe na misumari ukingoni, ndipo mjaze. Watu watano wanatosha: wawili wabebe kwa turubai, mmoja apange, mmoja akanyage, mmoja afunge. Mkanyagaji aanze na pembe kila tabaka. Katikati patajishindilia penyewe. Pembe zikiwa legevu, robota hufumuka likiinuliwa. Kamba zikazwe yeye akiwa bado juu, kisha sanduku livutwe juu. Robota zuri lina kilo 20 hivi. Ng'ombe wa kilo 300 hula karibu kilo 8 kwa siku, kwa hiyo miezi mitatu inataka marobota 36 kwa kila kichwa.

Bandani, inueni kichanja cha miti ya mvinje futi moja kutoka chini, mchwa wasipande kwa siri, na mwache nafasi ukutani na chini ya makuti. Wiki mbili za mwanzo ingizeni mkono kati ya marobota. Vijidudu vinavyoozesha nyasi mbichi hutoa joto, na rundo kubwa linaweza kuwaka lenyewe. Mkisikia vuguvugu, yatoeni mapema mkayaachanishe. Likishakuwa joto la kuchoma, msilifumue rundo kabla maji hayajawa tayari.

Robota lenye ukungu msimpe punda, litamletea kikohozi. Na kamba ziwe za katani, si nailoni: ng'ombe akimeza kipande cha nailoni, tumbo haliwezi kukisaga.

Wafugaji,
Ganda, Malindi