Kaka, kabla hujauza shamba

Kaka yangu, simu hupokei, meseji unasoma unanyamaza, basi naandika hapa, najua utaletewa tu na wale wale.

Nasikia mteja umeshapata. Sikatai, wewe ndo mkubwa na baba umemzika wewe. Ila Muheza bila ile michungwa tutakuwa tunaenda kumsalimia nani? Unasema machungwa hayalipi, madalali wanakadiria bei yakiwa bado mtini. Sawa. Huku Kamikatsu, mji mdogo wa milimani Japani niliko, nako waliishi kwa machungwa yao madogo, 1981 baridi ikapiga miti ikafa karibu yote, wengi wakahama, na leo mji mzima hata watu 1,500 hawafiki. Waliobaki wakaanza kuuza majani 1986. Majani kaka! Ya kupambia sahani mahotelini. Mama mkwe, na uzee ule uliouona, asubuhi anafungua tableti anaangalia oda, kisha anachuma jani jekundu mojamoja, lenye doa anaweka pembeni, mengine anayapanga kwenye trei kama vikombe vya wageni. Hamuombi mtu hela.

Na ile siku ulipokuja kututembelea nilisema sitaitaja tena, ila wacha niitaje. Gari la taka huku halipiti, kila mtu anabeba zake mpaka kituoni anachambua mafungu zaidi ya 40, kizibo huku, chupa kule. Nimeinama nabandua lebo ya chupa ya soya, ukanipiga picha unacheka, "baba aliuza ng'ombe akusomeshe uje kuokota takataka?" Mama mkwe Kiswahili hajui lakini uso wako aliuona. Akaniuliza umesema nini, nikamwambia umesifia usafi.

Nyie hapo si mnachoma plastiki nyuma ya jiko, moshi anaula mama! Hawa nao walichoma, matanuri wakayafunga 2001 kwa ajili ya sumu ya moshi, sasa asilimia 80 hivi ya taka zinatumika tena. Kwa hiyo siokoti takataka mimi. Na msibani sikuja kwa sababu ulikuwa msimu wa majani na huyu bibi kavunjika nyonga, nani angemchumia? Ulitaka nimwache? Hela ya arobaini si nilituma?

Haya, mwambie huyo mteja asubiri msimu mmoja tu, palizi nalipa mimi. Na ile picha itoe kwenye grupu la familia, mama kusoma hajui lakini picha anaziona.