Foklifti ya umeme inachoka mapema? Fungua seli za betri kabla ya kulaumu mota

Simu nyingi tunazopokea huanza hivi: "Fundi, hii foklifti asubuhi inanyanyua vizuri, ikifika saa saba mchana imekwisha nguvu." Mwenye simu huwa ameshaamua kuwa mota imekufa. Tukifika tunafungua vifuniko vya seli, yaani vyumba vidogo vinavyounda betri, tunamulika tochi ndani, na mara nyingi tunakuta sahani zake, bamba za madini ya risasi zinazopaswa kuzama kwenye kimiminika, ziko wazi, kavu, zimeota weupe kama chokaa. Mota haina kosa.

Kwa kuwa mashine hii haina oili ya injini wala chujio la dizeli, watu huiona kama haitaki matunzo. Inayataka, ila karibu yote yamerundikana kwenye betri, nayo ndiyo kifaa ghali kuliko vingi humo ndani.

Tuanze na maji. Betri ya risasi inapochajiwa, sehemu ya maji yake hugeuka gesi ya haidrojeni na oksijeni ikatoka. Asidi inabaki. Kwa hiyo unachorudishia ni maji matupu yaliyoondolewa madini. Ya bomba yana madini yanayodhuru sahani. Na hapo pana mtego: ukiagiza "maji ya betri" dukani unaweza kupewa asidi. Soma chupa kabla hujamimina.

Maji huongezwa baada ya chaji, si kabla. Chaji hupandisha kimiminika, na seli iliyojazwa mapema itafurika, imwage asidi na kuanza kula trei ya chuma. Ukikuta sahani ziko wazi kabla ya kuchaji, weka kiasi cha kuzifunika tu, chaji, kisha ndipo ujazie. Juu ya betri pawe pakavu pia. Uchafu uliolowa asidi hupitisha umeme, na betri hujimaliza yenyewe hata mashine ikiwa imeegeshwa. Asidi iliyomwagika ipoze kwa magadi yaliyoyeyushwa kwenye maji, ukiwa umevaa glavu na miwani.

Kuna tabia moja inayotuuma: dereva akienda chai anachomeka chaja, akirudi anachomoa. Anadhani anasaidia. Betri ya risasi ina takriban chaji 1,500 maishani mwake. Ukiichaji mara moja kila siku ya kazi, kwa siku 300 za mwaka, hiyo ni miaka 5. Kila unapoichomeka kwa dakika chache unaukata muda huo. Iache ishuke hadi ibaki asilimia 20 hivi, usiivushe hapo, kisha ichaji mpaka ijae bila kuikatiza. Kwa kawaida huchukua muda wa saa 8, na ni vizuri ipate muda wa kupoa kabla ya kurudi kazini. Betri ya lithiamu ni habari nyingine kabisa: haina maji ya kuongeza, na kuchomekwa wakati wa mapumziko hakuidhuru.

Mahali pa kuchajia pawe na hewa inayopita, na mfuniko wa betri uwe wazi. Haidrojeni ikifika asilimia 4 ya hewa inaweza kulipuka, kwa hiyo sigara na kazi ya kuchomelea zikae mbali. Zima chaja kwanza ndipo uchomoe plagi. Ukichomoa huku umeme unapita, cheche hutokea palepale penye gesi.

Sehemu nyingine hazina maneno mengi. Cheni za mlingoti, ile nguzo ya mbele inayopandisha mzigo, zipakwe mafuta na zipimwe: kipande kilichokuwa milimita 300 kikiwa kipya, kikifika 309 cheni imekwisha. Uma, yaani chuma kinachoingia chini ya mzigo, nao hulika kwenye kisigino, pale unapojipinda, kwa kuburuzwa sakafuni. Uma wa milimita 40 ukibaki 36 ubadilishwe, maana asilimia 10 hiyo ya unene huondoa kama asilimia 20 ya uwezo wa kubeba. Oili ya haidroliki ipimwe uma zikiwa chini kabisa. Na tafadhali, msiioshe mashine kwa maji ya presha. Vumbi kwenye mota na sehemu za umeme huondolewa kwa hewa kavu.

Kila asubuhi dereva ajaribu breki, usukani, honi na mkanda. Jaribio tunalolipenda sisi halichukui hata dakika: mashine ikiwa imewashwa na breki ya mkono imefungwa, anyanyuke kidogo kitini, kisha aguse wenzo wa kunyanyulia. Mashine nyingi za kisasa hugoma. Ikiwa ya kwenu ilikuwa inagoma na sasa inatii, swichi ya kiti ina hitilafu, isiende kazini.

Ukitupigia, tutajie saa za kazi zilizo kwenye mita na volti zilizoandikwa kwenye kibati: 24, 36, 48 au 80. Kama una haidromita, kifaa cha kupima uzito wa asidi, pima kila seli baada ya chaji. Seli iliyojaa husoma karibu 1.28, na betri ya volti 48 ina seli 24, ambapo moja dhaifu inatosha kuziburuza zote. Huna haidromita? Tutumie picha ya ndani ya seli mbili tatu. Sahani zikiwa zimefunikwa vizuri na mashine bado inachoka, hapo ndipo tunakuja na vifaa vya kupimia mota.